Insha Namba Saba

Kabla hamjanihukumu, jueni kwanza kwamba faili langu la insha limewafaulisha wasichana wa mji wa Salt kwa miaka ishirini na miwili. Ndani yake mlikuwa na insha kumi na mbili za Kiingereza, zote nimeziandika mimi mwenyewe: safari ya Aqaba, umuhimu wa maji, madhara ya simu, rafiki yangu kipenzi, na nyinginezo. Msichana aliyezimeza zote hakuwa na haja ya kuogopa mtihani, maana swali lolote ambalo lingekuja lilikuwa na ndugu yake humo ndani. Waliopita mikononi mwangu leo ni madaktari kule Amman, wengine wana maduka yao ya dawa, na ukimwamsha mmoja wao usingizini atakusomea insha ya maji bila kuruka nukta.

Rudaina aliletwa shuleni kwetu mwezi wa tisa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, viatu vya raba na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Mkuu wetu wa shule, Bi Ghusun, alimpa Kiingereza cha darasa la kumi. Mimi sina roho mbaya, watu waseme watakavyo. Nilimkaribisha chai kwenye chumba cha walimu, kisha nikamkabidhi faili kwa mikono miwili, kama unavyomkabidhi mtu mwanao. Akashukuru, akalisukuma likarudi kwangu.

“Mungu akuweke, Mwalimu Itidal,” akasema. “Lakini nataka niwasikie wao kwanza.”

Nikamuuliza wao wana nini cha kusikilizwa. Akacheka kwa adabu, akanywa chai yake.

Basi yakaanza. Mimi nikifundisha hadithi, ninaisoma, naandika muhtasari ubaoni, chini yake naandika mafunzo ya hadithi kwa mistari mitatu, wanakopi, wanakariri, tunasonga mbele. Rudaina alikuwa akiisoma hadithi nusu, anafunga kitabu, anawauliza wasichana yule mwanamke wa kwenye hadithi afanye nini sasa. Nilipita nje ya darasa lake siku ya kwanza nikasikia kimya kitupu. Wiki ya pili nikasikia kelele, na kelele zenyewe nusu Kiarabu. Kwenye insha ndiyo usiseme. Hakutaka kalamu nyekundu kwenye andiko la kwanza. Alikuwa akiandika swali moja pembeni ya karatasi, tena kwa penseli. Niliposikia habari ya penseli nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Kucheka kuliisha wazazi walipoanza kulalamika. Wa darasa langu waliuliza kwa nini binti zao wakariri wakati wa jirani wanaandika yao, na wa darasa lake waliuliza binti zao watafaulu vipi bila faili. Bi Ghusun akasema shule moja haiwezi kuwa na vichwa viwili. Alhamisi ya wiki iliyofuata tungekaa kikao aamue: ama faili kwa wote, ama penseli kwa wote. Mimi nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nikatangaza mbele ya kila mtu kwamba siku faili langu litakapofungiwa kabatini, mimi naenda kukaa nyumbani. Sikuwa natania, na Bi Ghusun alijua sitanii.

Jumapili ya wiki hiyo ya kikao, ambayo kwetu ndiyo siku ya kwanza ya shule, Rudaina aliwapa darasa lake saa nzima waandike juu ya siku wasiyoisahau. Jumatatu mchana akaingia chumba cha walimu na karatasi mkononi, macho yamemwiva. Kulikuwa na msichana anaitwa Lujain, mkimya wa dawati la nyuma. Huyu alikuwa ameandika kwamba bibi yake amefariki siku ya Ijumaa, tena kwa maneno ya kuchoma moyo, na siku hiyo hakuja shule.

“Nimeshindwa hata kuandika swali pembeni,” Rudaina akasema.

Moyoni nilisema ndiyo hayo sasa, ukichokonoa vifua vya watoto utakutana na vilivyomo. Lakini msiba ni msiba, kwa hiyo niliufunga mdomo. Bi Ghusun alikuwa ameshasimama. Kwetu hatumpigii mtu simu kumuuliza kama amefiwa; tunavaa tunakwenda. Na Ijumaa ilikuwa imenyesha kweli, mvua ya kwanza ya maana mwezi ule wa kumi na mbili, kama karatasi ilivyosema. Tulihesabu: siku tatu za matanga zilikwisha jana yake. Tulikuwa tumechelewa tayari, tukaona aibu, na aibu ile ndiyo iliyotukimbiza bila kuuliza mtu yeyote lolote.

Tukaondoka watatu kengele ya mwisho ilipolia. Bi Ghusun alibeba mfuko wa kahawa, Rudaina alijifunga mtandio mweusi wa kuazima, mimi nilikuwa na wangu mkobani, maana mtu wa umri wangu hakosi. Nyumba yao iko mtaa wa juu, na mwenye kuijua Salt anajua maana ya mtaa wa juu: ngazi, halafu ngazi, halafu ukidhani umefika, ngazi. Tulipofika kichochoroni sikuona viti vya wageni. Mlangoni hapakuwa na safu ya viatu. Ndani ilikuwa inatoka harufu ya nyama na ndimu. Yote hayo niliyaona, na sikusema kitu, kwa sababu pumzi ilikuwa imenikatika na kwa sababu nilikuwa napanga maneno ya kutoa pole.

Akafungua mwanamke mzee, mrefu, gauni lake jeusi la darizi, mikono imelowa maji ya majani ya mzabibu, yale tunayokunjia wali na nyama. Bi Ghusun ni mtu asiyesubiri. Alidhani huyu ni dada wa marehemu, akamkumbatia papo hapo.

“Mungu awape subira,” akamwambia. “Msiba wenu ni wetu sote.”

Yule mama akakakamaa. Akajitoa mikononi mwa Bi Ghusun, akatutazama mmoja baada ya mwingine, wanawake watatu wenye mitandio myeusi na mfuko wa kahawa. Uso ukampauka nikiona. Akaushika mwimo wa mlango.

“Ni Qays?” akauliza. “Semeni tu. Ni mwanangu?”

Qays ni baba yake Lujain, dereva wa lori la barabara ya jangwani, na ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa yule mama. Hayo niliyajua baadaye. Pale mlangoni hatukujua Qays ni nani, kwa hiyo hakuna aliyejibu, na kila tulivyozidi kukaa kimya ndivyo alivyozidi kusadiki. Nimekaa mtaani miaka hamsini na saba, nimeingia matanga mengi, lakini sauti iliyomtoka pale sijapata kuisikia na siombi kuisikia tena.

Hapo Lujain akatokea nyuma yake, shavu limevimba kama andazi, kitambaa kimefungwa kuanzia kidevuni mpaka utosini. Kumbe jino. Alituona sisi, akaiona karatasi mkononi mwa Rudaina, na uso wake ukawa ule ninaouona kwa msichana aliyekamatwa na kikaratasi kwenye mkono wa gauni katikati ya mtihani.

Rudaina, maskini, bado hakuwa ameelewa. Akamuuliza Lujain huyu ni nani.

“Bibi yangu,” Lujain akasema.

“Na aliyefariki je?”

“Nina huyu mmoja tu, Mwalimu.”

Nilitamani ngazi zote zile zinimeze. Bi Ghusun akaanza kuapa kwa kila kiapo anachokijua kwamba Qays hana jambo, hakuna aliyekufa, ni sisi tumekosea. Mama yule hakumsikia. Alimwamuru Lujain ampigie baba yake simu. Qays alipokea akiwa anakula mahali njiani, tena kwa sauti ya mtu aliyekatizwa tonge. Mama yake hakumwambia chochote. Alimuuliza tu kama amekula akashiba, na kama amevaa koti lile zito, akakata simu, ndipo akakaa kwenye godoro la sebuleni. Alivuta pumzi mara tatu nne. Halafu akatukaribisha ndani, maana mgeni ni mgeni hata akikuletea kifo mlangoni.

Jina lake ni Bi Fidda. Alipokwisha kutulia alimgeukia mjukuu wake.

“Haya. Nani basi amekufa?”

Lujain alianza kulia, na kwa lile shavu kilio chenyewe kilikuwa cha upande mmoja.

“Wewe, bibi.”

“Ahaa. Lini?”

“Ijumaa.”

“Ijumaa nilikuwa namsema mwenye duka la kuku,” Bi Fidda akasema. “Hebu nisomeeni kwa lugha ninayoielewa. Nataka kujua nilikufaje.”

Lujain hakuweza. Rudaina akafunua karatasi aanze kutafsiri, nami nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, jicho langu likaangukia mstari wa kwanza. Mvua ilikuwa ikinyesha kana kwamba mbingu nazo zinamlilia. Masikio yakaniwaka moto. Mbingu zile ni zangu. Mstari ule niliuandika mimi, kwenye meza ya jikoni kwangu, miaka ishirini na miwili iliyopita, na tangu hapo umenyeshea karatasi za mitihani mamia kwa mamia. Ilikuwa namba saba kwenye faili, Siku ya Huzuni. Rudaina asingeweza kuitambua, kwa sababu faili hakulifungua. Mimi ningeitambua mara moja, lakini kwa kiburi changu sikuwa nimeomba kuiona karatasi yenyewe.

Nikamwambia anipe, mimi naijua. Nikaitafsiri karibu bila kuitazama.

Nilisoma jinsi bibi alivyolala kitandani na nywele zake nyeupe, jinsi mjukuu alivyomshika mkono mpaka dakika ya mwisho, jinsi mtaa mzima ulivyofurika machozi. Bi Fidda alinikatiza akauliza kama alilia hata Mama Awwad wa nyumba ya juu, aliyemsusia tangu harusi ya Awwad. Nikamwambia karatasi inasema mtaa mzima. Akasema basi ni kweli amekufa, maana akiwa hai hilo halitokei. Bi Ghusun alicheka, akajuta kucheka. Lakini mimi nilimwona yule mama anavyokwepa kumtazama mjukuu wake, na Lujain naye aliona. Mzaha ulikuwa mdomoni tu. Alikuwa ameumia, na ni haki yake, kwani amemlea yule mtoto tangu ana miaka minne, halafu mtoto amemzika kwa ajili ya alama.

Nikaendelea, na katikati ya ukurasa nikakwama. Palikuwa na sentensi ambayo sikuijua. Niliisoma kimoyomoyo, halafu nikaisema.

“Bibi yangu huweka maganda ya machungwa juu ya jiko la mafuta, na harufu yake ikinifikia kwenye ngazi najua nimefika nyumbani.”

Kwenye namba saba hamna chungwa. Sentensi ile ilikuwa na makosa mawili, na mkono wangu wa kulia ulitafuta kalamu nyekundu wenyewe, nawaambieni ukweli. Kwenye darasa langu msichana akiongeza ya kwake namkata alama, kwa kuwa ya kuongeza ndiyo yanayoleta makosa. Ningeikata ile bila kuisoma mara ya pili.

Bi Fidda aligeuka kulitazama jiko lililokuwa likitupasha miguu joto. Juu yake maganda yalikuwepo, yamejikunja, kingo zimeungua.

“Hiyo ni mimi,” akasema polepole. “Na hayo mengine ni ya nani?”

Rudaina alimtazama Lujain. Lujain alinitazama mimi, na kumbe muda wote ule aliyekuwa akimwogopa nilikuwa mimi. Akasema kwa haraka kwamba ni ya faili la Mwalimu Itidal, binamu yake alimpa nakala ya duka la fotokopi. Mwalimu Rudaina aliwaambia waandike ya kwao, akajaribu, saa ikawa inakwenda.

“Ya kwangu ilikuwa hiyo moja tu,” akasema. “Moja haijazi ukurasa.”

Rudaina alijifuta macho. Niliona jinsi Bi Ghusun alivyonitazama, na nikajua Alhamisi imekwisha kabla haijafika. Ningeweza kujitetea. Maneno nilikuwa nayo: miaka ishirini na miwili, madaktari, maduka ya dawa. Lakini Bi Fidda alikuwa ananitazama bila hasira yoyote, kama mtu anayeulizia habari za jirani.

“Mwalimu, ni nani huyo uliyemzika na mvua?”

“Mama yangu,” nikasema.

“Mungu amrehemu. Na kweli ilinyesha?”

Wasichana wangapi wamemeza kifo cha mama yangu, wakakitapika kwenye mtihani, wakapata alama zao wakaenda zao? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hilo. Na mimi sikuwaruhusu kuuliza, semeni hivyo.

Nikamwambia hapana. Mama alifariki mwezi wa sita, na mwezi wa sita hapa hata wingu hulioni. Nilikuwa nasimamia mtihani wa taifa. Kaka yangu alikuja getini kuniita, bawabu akamzuia kwa sababu ndiyo sheria, hakuna kuingia mpaka karatasi zikusanywe. Jua lilikuwa kali na maiti haingojwi. Nilipotoka saa nane nilimkuta kaka amerudi, amekaa kwenye ukingo wa barabara, vumbi la makaburini limemjaa viatuni. Mwaka uliofuata nikaandika namba saba, nikaweka mvua, nikaweka bibi mahali pa mama, na nikamweka mtu pale kitandani anayeushika mkono wake mpaka mwisho.

Bi Fidda akainuka, akaenda kunawa mikono, akamwambia Lujain ateleke kahawa, asitie sukari.

“Hawa wamekuja matangani,” akasema. “Hawaondoki bila kahawa chungu.”

Kisha akaja akakaa karibu yangu, akaishika mikono yangu yote miwili kwa mikono yake iliyokuwa bado na harufu ya ndimu.

“Mungu akupe subira, binti yangu,” akaniambia. “Msiba wako ni wetu sote.”

Nililia. Nililia mbele ya mkuu wangu wa shule na mbele ya Rudaina na viatu vyake vya raba, kilio ambacho nilistahili kukilia kwenye ukingo wa barabara ile na sikukilia, maana mchana ule kulikuwa na karatasi za kuhesabu. Kahawa ikaja, tukainywa. Ilikuwa chungu kweli, yule mtoto hakufanya mzaha.

Lujain hakusamehewa bure. Bibi yake alimhukumu akunje majani ya mzabibu ya kila Ijumaa mpaka mwaka uishe, kwa kosa la mauaji. Halafu akamvuta, akambusu lile shavu ambalo halikuvimba, akamwambia ya machungwa ni nzuri, aiandike tena na aizidishe.

Alhamisi Bi Ghusun alinipa nafasi ya kusema kwanza. Niliweka faili mezani nikamwambia ufunguo wa kabati anao yeye. Nikasema pia kwamba siendi kukaa nyumbani kama nilivyotishia, mnivumilie. Kuhusu penseli sijabadili msimamo: kosa ni kosa, na msichana ana haki ya kulijua. Mimi na Rudaina tunabishana juu ya hilo mpaka leo, na siku hizi ni yeye anayepaliwa na chai. Niliomba kitu kimoja tu.

Nilichoomba ni dawati. Jumapili nikakaa nyuma kabisa darasani kwa Rudaina, pembeni ya Lujain, magoti yananigusa kidevu. Rudaina akatoa mada ileile ya siku isiyosahaulika. Lujain, shavu limekwisha kunywea, aliinamia karatasi akaanza mara moja. Mimi nilikaa robo saa nzima naitazama yangu. Mara nikamwona mtoto anachungulia, na kwa mazoea nikaifunika karatasi kwa mkono. Halafu nikauondoa mkono.

Niliandika kwa Kiingereza, bila mvua: Siku mama yangu alipozikwa, nilikuwa ukumbini nawalinda watoto wa watu wasinakiliane.

Rudaina alipita, akainama, akaisoma. Akaandika pembeni kwa penseli: Alikuwa anaitwa nani?

Kwenye namba saba hana jina. Nikaandika: Naifa.